Goti bandia: Kwa nini wengine hurudi tena kwenye meza ya upasuaji?

Chukua mfano wa dereva wa lori mwenye miaka 52. Goti la kushoto limemsumbua kwa miaka sita. Kukanyaga klachi imekuwa adhabu, ngazi anazipanda akishika ukuta, na usiku maumivu yanamwamsha. Daktari ameangalia picha ya eksirei na kumwambia goti limesagika, dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kuwekewa goti bandia.

Swali la kwanza analouliza ni bei. La pili ni lini atatembea. Kuna swali la tatu ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi kabisa: "Je, nitarudi tena hapa?"

Kwa walio wengi, jibu ni hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet, ukitumia takwimu za Australia na Finland, ulikadiria kuwa asilimia 82 ya magoti bandia kamili bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Hiyo ni kazi nzuri kwa kifaa kinachokanyagwa kila siku.

Lakini wapo wanaorudi, na hawarudi kwa bahati mbaya tu. Kuna mambo yanayojulikana yanayoongeza uwezekano huo. Baadhi huwezi kuyabadili, kama umri. Mengine unaweza, na mengi kati ya hayo hufanyika kabla hata hujalazwa.

Goti bandia ni nini hasa?

Wengi hudhani goti zima linang'olewa na kuwekwa jingine. Sivyo.

Kwenye goti zima la asili, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, ile tabaka laini na nyeupe inayoonekana pia kwenye mfupa wa kuku. Gegedu ikisagika, mfupa husuguana na mfupa. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Daktari hukata sehemu nyembamba ya ncha zilizoharibika. Mfupa wa paja huvishwa kofia ya chuma. Juu ya mfupa wa chini huwekwa sahani ya chuma, na katikati yake kipande cha plastiki ngumu ambacho kinachukua kazi ya gegedu. Mara nyingi vipande vya chuma hugandishwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu ya kitabibu.

Kwa hiyo kuna sehemu tatu za kuangalia: chuma kinaposhikana na mfupa, plastiki iliyo katikati, na mishipa na nyama zinazoshikilia kila kitu mahali pake. Tatizo linaweza kuanzia popote kati ya hapo.

Kwa nini upasuaji wa pili ni mgumu zaidi

Upasuaji wa marudio ni ule wa kutoa au kubadilisha sehemu ya goti bandia lililokwishawekwa, au lote.

Daktari anakuta makovu ya mara ya kwanza. Anapotoa chuma cha zamani, mfupa mwingine huondoka nacho. Mfupa ukipungua, goti jipya huhitaji vyuma vyenye mashina marefu yanayoingia ndani ya mfupa ili kupata pa kushika. Operesheni huchukua muda mrefu, hatari ya maambukizi inapanda, na kwa kawaida goti la marudio halidumu kama lile la kwanza.

Kama chanzo ni bakteria, mambo yanaweza kuwa marefu zaidi. Wagonjwa wengine hufanyiwa operesheni mbili: ya kwanza kutoa goti lote na kuweka kipande cha muda chenye dawa, kisha wiki au miezi kadhaa baadaye ya pili kuweka goti jipya. Katikati hapo mtu anategemea magongo au kitembezi.

Ndiyo maana swali la "nitarudi tena?" lina uzito. Linahusu hela, muda wa kukaa bila kazi, na pia kiasi cha mfupa kitakachobaki.

Yanayomrudisha mgonjwa

Sababu kubwa ni hizi:

• Chuma kulegea kwenye mfupa. Mgonjwa husikia maumivu anapokanyaga, hasa hatua za kwanza baada ya kuinuka.

• Maambukizi. Huwapata takribani mgonjwa 1 au 2 kati ya 100, lakini wakipatwa mara nyingi hawana budi kurudi chumba cha upasuaji. Bakteria hujishika kwenye chuma na kujitengenezea utando ambao dawa hupenya kwa shida.

• Goti kuyumba. Mishipa ikilegea, mtu anahisi goti linataka kumtoka.

• Mfupa kuvunjika karibu na chuma, mara nyingi baada ya kuanguka.

• Plastiki kuchakaa, goti kukakamaa, au maumivu yasiyoisha.

Sasa swali ni nani yuko kwenye hatari zaidi.

Umri: kijana ndiye anayerudi

Hapa wengi hushangaa. Mtu angetegemea wazee ndio warudi, kwa kuwa mifupa yao ni dhaifu. Takwimu zinasema kinyume.

Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia zaidi ya watu 54,000 waliowekewa magoti bandia kati ya mwaka 1991 na 2011. Waliofanyiwa wakiwa na miaka 70 na kuendelea walikuwa na uwezekano wa takribani asilimia 5 wa kurudiwa upasuaji katika maisha yao yote yaliyobaki. Kwa wanaume waliofanyiwa wakiwa na miaka 50 hadi 54, uwezekano ulifika asilimia 35.

Yaani zaidi ya mwanaume mmoja kati ya watatu wa umri wa dereva wetu.

Maelezo ya kwanza ni rahisi: mwenye miaka 52 ana miaka mingi ya kuishi na goti hilo, na analitumia zaidi. Anafanya kazi, anabeba mizigo, anatembea sana. Mwenye miaka 78 anaweza kufariki kwa sababu nyingine goti lake likiwa bado zima. Tena mzee mgonjwa wa moyo anaweza kuwa na goti baya na bado madaktari wakasita kumrudisha kwenye meza.

Lakini kuchakaa sio maelezo pekee. Kwa waliofanyiwa chini ya miaka 60 na kisha kurudiwa, nusu yao walirudi ndani ya takribani miaka minne na nusu. Hiyo ni mapema mno kwa plastiki kuisha. Kinachowarudisha mapema ni mambo kama maambukizi, chuma kulegea, goti kuyumba, na maumivu ambayo hayakwisha.

Hili la mwisho linagusa sana wenye umri mdogo. Takribani mgonjwa 1 kati ya 5 haridhiki vya kutosha baada ya kuwekewa goti bandia. Na anayefanyiwa wakati eksirei inaonyesha goti bado halijasagika sana yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubaki na maumivu, pengine kwa sababu maumivu yake yalikuwa yanatoka kwingine, kama kwenye nyonga au mgongo. Kumrudia upasuaji bila kujua chanzo cha maumivu mara nyingi hakusaidii.

Mwanaume yuko kwenye hatari zaidi

Katika utafiti huohuo, wanawake wa miaka 50 hadi 54 walikuwa na uwezekano wa takribani asilimia 20, ukilinganisha na ile 35 ya wanaume. Kuanzia miaka 70 na kuendelea tofauti hiyo ilikuwa haionekani tena. Wanaume pia hupata maambukizi ya goti bandia zaidi ya wanawake.

Namba hizi ni za Uingereza, kwa hiyo asilimia zenyewe haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja Dar es Salaam au Nairobi. Lakini mwelekeo wake, kwamba umri mdogo unaongeza hatari, umeonekana pia katika takwimu za nchi nyingine zinazofuatilia wagonjwa hawa kwa miaka mingi.

Sukari, sigara na uzito

Hapa tunaingia kwenye yale yanayobadilika.

Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na kudhoofisha askari wa mwili wanaopigana na bakteria. Kipimo kinachoangaliwa ni kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu iliyopita, sio kile cha kutoboa kidole asubuhi moja. Mwongozo wa Uingereza unataka kiwe chini ya asilimia 8.5 kabla ya operesheni ya kupangwa. Madaktari wengine wanataka kishuke zaidi ya hapo. Kuahirisha operesheni kwa miezi mitatu ili sukari ikae sawa kunaudhi, lakini ni nafuu kuliko goti lenye usaha.

Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda kisichopata damu hakifungi vizuri. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kuacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji kunapunguza matatizo. Kuacha jana yake hakutoshi.

Uzito una sura mbili. Kutembea kwenye njia tambarare tu hulibebesha goti mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na ngazi huongeza zaidi. Pia unene uliopitiliza huongeza hatari ya maambukizi na kidonda kuachia. Madaktari wengi wa Marekani hutumia kipimo cha BMI cha 40 kama mstari wa tahadhari. Kwa mtu mwenye urefu wa meta 1.65, hiyo ni karibu kilo 109.

Hata hivyo, uzito sio sababu ya kumfukuza mgonjwa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2022 unasema mtu asinyimwe rufaa ya kubadilishiwa kiungo kwa sababu ya unene, umri au kuvuta sigara peke yake. Mtu ambaye goti halimruhusu kutembea atapunguzaje uzito? Lengo ni kumwandaa kadiri inavyowezekana, kisha kupima hatari na faida pamoja naye.

Ile sindano ya goti

Wagonjwa wengi kabla ya kufika kwenye upasuaji wamechomwa sindano ya steroidi ndani ya goti. Inatuliza maumivu kwa wiki au miezi, na kwa wakati wake ni tiba halali.

Shida ni muda. Sindano hiyo ikichomwa ndani ya miezi mitatu kabla ya kuwekewa goti bandia, hatari ya maambukizi inaongezeka. Ndiyo maana daktari wa upasuaji atauliza, "Umechomwa sindano lini mara ya mwisho?" Ukificha kwa kuogopa tarehe kusogezwa, unayemdanganya ni wewe mwenyewe. Kama ulichomwa hospitali nyingine na hujui ilikuwa dawa gani, rudi uulize jina lake kabla ya kuendelea.

Jino bovu na kidonda mguuni

Bakteria wanaweza kusafiri kwa damu kutoka sehemu nyingine na kwenda kujishika kwenye chuma kipya. Jino lililooza, jipu, kidonda cha mguuni, fangasi waliopasua ngozi kati ya vidole, mkojo unaouma: vyote hivi vitibiwe kwanza.

Hata miaka mingi baada ya operesheni, maambukizi sehemu nyingine ya mwili yasiachwe yakakaa. Goti bandia halina damu inayopita ndani yake, kwa hiyo haliwezi kujitetea kama nyama yako.

Wenye ugonjwa wa baridi yabisi nao wako kwenye hatari zaidi ya maambukizi, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe na dawa zinazopunguza kinga. Baadhi ya dawa hizo husimamishwa kwa muda kabla ya upasuaji na nyingine huendelea. Usijiamulie mwenyewe. Mpe daktari orodha ya kila unachomeza, zikiwemo dawa za miti shamba.

Nusu goti au goti zima?

Goti likiharibika upande mmoja tu, daktari anaweza kupendekeza kubadilisha upande huo pekee. Mgonjwa hupona haraka na goti huhisi kama la asili zaidi. Lakini utafiti ule wa 2019 ulikadiria kuwa asilimia 70 ya magoti ya aina hii ndiyo yaliyofika miaka 25, dhidi ya 82 ya goti kamili.

Je, ina maana nusu goti ni baya? La. Matatizo makubwa ya baada ya operesheni ni machache zaidi kwa nusu goti, na kulibadilisha kuwa goti zima huwa ni rahisi kuliko kurudia goti zima. Ni biashara ya kubadilishana, na mgonjwa anapaswa kuambiwa pande zote mbili kabla ya kusaini.

Mikono ya daktari

Hili huulizwa kwa aibu, ila lina ushahidi. Madaktari na hospitali zinazofanya operesheni hizi kwa wingi huwa na marudio machache, na tofauti huonekana zaidi kwenye nusu goti. Chuma kikikaa upande au mishipa isipopimwa sawa, mzigo wa mwili hulalia sehemu moja na goti huanza kuyumba au kulegea mapema.

Kwa Afrika Mashariki huduma ipo. Tanzania kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na Kenya zipo hospitali za umma, za binafsi na za misheni zinazofanya kazi hii. Kumuuliza daktari "Magoti kama langu unafanya mangapi kwa mwaka?" sio utovu wa adabu. Daktari mzuri atakujibu bila kukasirika.

Tunza karatasi yako

Kila kipande cha goti bandia huja na stika yenye jina la kampuni, saizi na namba. Stika hizo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa siku ya operesheni.

Sweden ilianza kuandikisha magoti bandia yote kwenye daftari la taifa mwaka 1975. Uingereza ilianza 2003. Barani kwetu, Malawi ilifungua daftari lake mwaka 2005. Faida yake ni kwamba aina ya goti inayoharibika mapema hugundulika haraka, na taarifa za mgonjwa hazipotei.

Pasipo na daftari, wewe ndiye daftari. Omba nakala ya stika au kadi, ipige picha, itume kwa mtu wa familia. Siku ukihitaji kubadilishiwa plastiki tu, daktari atakayekufungua lazima ajue ni ya kampuni gani na saizi gani. Asipojua, anaweza kulazimika kutoa na vyuma vilivyokuwa vizima.

Ukisharudi nyumbani

Mazoezi ya wiki za kwanza ndiyo yanayozuia goti kukakamaa. Mengi ya magoti bandia hukunja hadi kama nyuzi 110 au 120, na kuchuchumaa kabisa kunahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo suala la choo cha kuchuchumaa lizungumzwe mapema. Kiti cha choo, taa ya ukorido na kuondoa mkeka unaoteleza ni sehemu ya tiba, maana kuanguka ndiko kunakovunja mfupa karibu na chuma.

Rudi hospitali bila kusubiri kliniki ukiona haya:

• Kidonda kinatoa maji au usaha, au kimefunguka.

• Homa pamoja na goti jekundu, la moto na lenye uvimbe unaoongezeka.

• Maumivu mapya kwenye goti lililokuwa limetulia.

• Goti linayumba, au umeanguka na huwezi kukanyaga.

• Ndama ya mguu imevimba na inauma, au unakosa pumzi. Hii inaweza kuwa damu iliyoganda, ni dharura.

Usinunue antibiotiki duka la dawa na kuanza kumeza mwenyewe. Dawa hizo zinaweza kuficha bakteria wakati wa vipimo, na kwenye maambukizi ya goti kila siku ina thamani. Yakiwahiwa mapema, mara nyingine inatosha kusafisha na kubadilisha plastiki, vyuma vikabaki.

Turudi kwa dereva wetu

Hawezi kurudisha miaka nyuma, wala hawezi kubadili kuwa ni mwanaume. Hizo ni hatari anazoingia nazo na anapaswa kuzijua. Pengine atakapoambiwa ile asilimia 35 ataamua kujaribu kwanza mazoezi ya fiziotherapia, kupunguza kilo na kuomba kazi isiyo na klachi nzito, ili asogeze operesheni miaka michache mbele. Au ataona miaka sita ya kutolala inatosha, na aende.

Uamuzi wowote kati ya hiyo ni halali. Kabla ya kusaini, amuulize daktari mambo matano: Eksirei inaonyesha limesagika kiasi gani? Sukari yangu ikoje? Sindano yangu ya mwisho ilikuwa lini? Goti mtakaloniwekea ni la aina gani? Na likiharibika, nani atalirudia?

Lile la mwisho ndilo linalosahaulika. Kama jibu ni kimya, bado ana muda wa kutafuta daktari mwingine. Akishalala kwenye meza, muda huo hautakuwepo.